Dhahabu Katika Tone la Damu

Sisi watu wa Mara hatuhitaji kufundishwa dhahabu ni kitu gani. Wazee wa upande wa Butiama wanazo habari za mgodi wa Kiabakari uliochimbwa zamani za Waingereza. Kule Buhemba mpaka leo vijana huingia shimoni alfajiri, hutwanga mawe, huosha mchanga, huikamata dhahabu kwa zebaki, na jioni huuza kipande kisichotosha hata kuziba jino. Basi nikikuambia ya kuwa iko dhahabu katika zahanati ya kijiji chako, na kwamba pengine imekwisha kukutana na damu yako mwenyewe, utadhani karani wa parokia amelewa. La, sikulewa. Nataka leo tuzungumze habari ya dhahabu hiyo, kwa maana wataalamu wanaitumia kutafuta njia ya kuwaokoa baba na mama zetu wanaokufa kwa ugonjwa wa moyo.

KIPIMO UNACHOKIJUA

Kila mzazi anakijua kipimo cha haraka cha malaria. Mtoto ana homa, mama anambeba mgongoni mpaka zahanati. Muuguzi anamchoma kidoleni, anachukua tone moja la damu, analiweka katika kidude cheupe cha plastiki, anadondosha maji ya dawa, kisha wote wanangoja. Baada ya robo saa hivi wanatazama. Mstari mmoja mwekundu maana yake kipimo kimefanya kazi, wala malaria haikuonekana. Mistari miwili maana yake malaria ipo.

Je, umepata kujiuliza ule wekundu unatoka wapi? Wengi hudhani ni damu. Sivyo. Katika vipimo vingi vya namna hii, wekundu ule ni dhahabu. Dhahabu ikisagwa mpaka ikawa chembe ndogo mno, haing'ari manjano tena kama pete ya arusi, bali huwa nyekundu kama divai. Jambo hili alilieleza mtaalamu Michael Faraday kule London mwaka 1857.

Ndogo kiasi gani? Chukua mita moja, uigawe mara elfu: unapata milimita, ile alama ndogo kabisa kwenye rula ya mtoto wa shule. Igawe milimita hiyo mara elfu, kisha kile ulichopata ukigawe mara elfu tena. Hapo umefika kwenye nanomita. Unywele mmoja wa kichwa una unene wa nanomita 80,000 hivi. Chembe moja ya dhahabu katika kipimo yaweza kuwa ya nanomita 40. Maana yake, zipange chembe 2,000 bega kwa bega, ndipo zienee upana wa unywele mmoja. Kwa hiyo, ewe kijana wa Buhemba, usije ukakusanya vipimo vilivyotumika ukavichoma upate utajiri. Utapata moshi tu.

Sasa tazama kazi yake. Kila chembe ya dhahabu imevikwa kingamwili, yaani vile vitu ambavyo mwili hutumia kumtambua adui. Kingamwili ni kama ndoana ya ajabu ambayo sato peke yake huishika, na sangara, na furu, na kambale hupita bila kuigusa. Kingamwili za kipimo cha malaria hushika protini ya vijidudu vya malaria, basi. Damu inapotambaa juu ya karatasi, huzibeba chembe za dhahabu, nazo huinasa protini ile. Mbele kidogo, mahali pa mstari, zimewekwa ndoana nyingine zinazongoja. Dhahabu iliyobeba protini hunaswa hapo, chembe juu ya chembe, mpaka jicho la muuguzi linaona mstari mwekundu.

Chombo cha namna hii wataalamu hukiita biosensa. Kina sehemu mbili: kitu kinachotambua, ambacho asili yake ni viumbe hai, na kitu kinachotangaza, ama kwa rangi, ama kwa umeme. Mwenye kisukari anayejipima nyumbani kwa mashine ndogo naye anatumia biosensa. Mashine ile ina asili yake katika kazi ya Mmarekani Leland Clark, ambaye mwaka 1962 alieleza namna ya kuipima sukari ya damu kwa njia ya umeme.

NENO "GHAFLA"

Mtu aweza kuuliza: karani wa parokia amepata wapi hamu ya mambo haya? Nitasema. Nilisomea ualimu chuoni, na watu wengi wa hapa Bunda bado huniita Mwalimu, lakini kazi yangu ni kuandika vitabu vya parokia: ubatizo, kipaimara, ndoa, na kitabu cha wafu. Ndugu wa marehemu wanapofika ofisini nawauliza jina, umri, kijiji, na sababu ya kifo. Hapo penye sababu ndipo kalamu yangu husimama. "Alianguka ghafla." "Kifua tu, Mwalimu." "Alikuwa mzima, akalala, hakuamka." "Wenyewe wanasema alitupiwa kitu." Mara nyingi sina la kuandika ila "ghafla". Lakini "ghafla", wasomaji wapenzi, si jina la ugonjwa.

Alikuja mama mmoja ambaye mumewe alifariki kwao upande wa Butiama. Mumewe alirudi shambani jioni akilalamika kifua kinambana kama amefungwa kamba. Jasho jembamba lilimtoka ingawa jua lilikuwa limekwisha kushuka, na mkono wa kushoto ukawa mzito. Wakaenda kwenye duka la dawa, wakapewa dawa ya vidonda vya tumbo. Usiku akatapika. Alfajiri walipompata mwenye gari, alikata roho kabla ya kufika barabara kubwa. Mama yule alinieleza hayo bila kulia, kisha akauliza: "Mwalimu, kwani hakuna kipimo kama kile cha malaria, cha kumwangalia mtu moyo?"

Lilikuwa swali la haki kabisa. Nimeliuliza kwa madaktari na nimelisoma katika vitabu, na haya yafuatayo ndiyo niliyoyapata.

NYAMA YA MOYO INAPOVUJA

Moyo ni nyama yenye nguvu inayosukuma damu usiku na mchana bila likizo. Lakini nao hula. Unayo mishipa yake yenyewe inayouletea damu. Mishipa hiyo ikijaa mafuta kwa miaka, kisha damu ikaganda na kuziba mmojawapo, sehemu ile ya moyo hukosa hewa na huanza kufa. Hili ndilo shambulio la moyo. Kila saa inayopita, nyama zaidi hufa, wala haioti tena kama majani baada ya mvua.

Sasa, nyama ya moyo inapoumia huvuja. Miongoni mwa vitu vinavyovuja na kuingia katika damu ni protini iitwayo troponini. Mjapani Setsuro Ebashi na wenzake waliigundua katika miaka ya 1960, walipokuwa wakitafuta jinsi msuli unavyokaza na kulegea. Baadaye ikajulikana ya kuwa troponini ya moyo si sawa na ile ya misuli ya mkono au mguu, na mwishoni mwa miaka ya 1980 daktari Hugo Katus wa Ujerumani na wenzake wakatengeneza kipimo cha kuitafuta katika damu. Tangu hapo madaktari wa dunia nzima wanayo namna ya kuuliza damu: je, moyo umeumia?

Shida ni kwamba troponini ni kidogo mno. Kwa kipimo kimoja kinachotumika sana hospitalini, mpaka wa mtu mzima ni nanogramu 14 katika lita moja ya damu, na kinachozidi hapo kinamtia daktari mashaka. Nanogramu 14 ni nini? Chukua gramu moja tu ya chumvi, uikoroge katika maji ya malori 2,000 ya matangi, kila lori likibeba lita 35,000. Maji yale yatakuwa na chumvi kwa kiasi kama hicho. Ulimi hauwezi kuionja. Mashine kubwa za maabara zaweza kuona, lakini zinataka umeme usiokatika, dawa za kuhifadhiwa kwenye baridi, na fundi aliyesomea. Mashine hizo hazipandi bodaboda kwenda kijijini.

Hapo ndipo chembe za nano zinapoitwa kazini. Kwanza, kitu kikivunjwa vipande vidogo huwa na uso mwingi: bonge la chumvi hukaa kiganjani, lakini ukilisaga laini waweza kuunyunyiza unga wake juu ya meza nzima. Uso mwingi maana yake nafasi ya ndoana nyingi, na ndoana nyingi hunasa hata samaki wachache waliopotea ziwani. Pili, vitu vingine vya nano hupitisha umeme kwa namna ambayo hata protini ikigusa kidogo tu, umeme ule hubadilika. Mirija myembamba ya kaboni ni mmojawapo. Grafini ni nyingine: utando wa kaboni wenye unene wa atomi moja, ambao wataalamu wa Manchester, Uingereza, waliubandua mwaka 2004 kwa utepe wa kunata kutoka katika kitu kile kile kilichomo ndani ya penseli. Kaboni hiyo ikivikwa kingamwili za troponini, tone la damu likiwekwa juu, chombo kidogo husoma badiliko la umeme na kuandika hesabu. Vyombo vya namna hii vimekwisha kutengenezwa katika maabara nyingi duniani, na baadhi yake huona kiasi kidogo sana cha troponini.

Wala tusidhani mambo ya nano ni ya Wazungu na Wajapani peke yao. Mtanzania mwenzetu, Dakta Askwar Hilonga, mzaliwa wa kijiji cha Gongali huko Karatu na mwalimu wa Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha, alitengeneza chujio la maji kwa kutumia vitu vya nano, na mwaka 2015 akapata tuzo ya uhandisi ya Afrika inayotolewa Uingereza. Chujio la maji si kipimo cha moyo, nakubali, lakini elimu ni ya ukoo mmoja, nayo imekwisha kuingia nchini.

TUSIDANGANYANE

Ndugu msomaji, nisikufanye uende zahanati kesho ukadai kipimo cha grafini, ukamgombeza muuguzi bure. Vingi vya vyombo hivi bado vimo katika maabara za wataalamu. Damu si maji safi. Imejaa protini nyingine nyingi zinazong'ang'ania juu ya chombo na kukipofusha. Kingamwili huharibika kwa joto, na joto la Musoma mwezi wa Februari mnalijua. Tena kila kipimo lazima kifanane na mwenzake, cha elfu kama cha kwanza, la sivyo mgonjwa atapewa jibu la uongo.

Vipo tayari vitu viwili vinavyouzwa. Kuna mashine za mkononi zinazosoma troponini kwa muda usiopita nusu saa, lakini mashine na vifaa vyake ni ghali. Kuna pia vipimo vya karatasi vyenye dhahabu, ndugu kabisa wa kile cha malaria. Hivi ni rahisi, lakini macho yake si makali: huiona troponini ikiwa nyingi, na ikiwa kidogo vyaweza kuikosa. Kwa hiyo mtu akiambiwa "hakuna mstari", asidhani ameambiwa "huna ugonjwa".

Liko jambo jingine ambalo yafaa kila jamaa ilijue. Troponini haionekani dakika ile ile moyo unapoanza kuumia. Huchukua saa kadhaa kupanda katika damu, kisha hukaa siku nyingi. Ndiyo sababu daktari akipima mara ya kwanza asione kitu, humwambia mgonjwa angoje apimwe tena baada ya saa chache. Wengine hukasirika, husema hospitali inataka fedha, wakaondoka. Msiondoke. Kile kipimo cha pili ndicho mara nyingi kinachosema kweli. Tena troponini yaweza kupanda kwa sababu nyingine, kama ugonjwa wa figo au maambukizo makali ya damu. Kwa hiyo kipimo ni shahidi tu. Daktari ndiye hakimu, naye huwasikiliza mashahidi wengine pia, hasa kipimo cha umeme wa moyo, kile cha kubandikwa waya kifuani, ambacho hutangulia vyote na humalizika kwa dakika chache.

Lakini usije ukasema: basi ugonjwa huu si wetu, ni wa matajiri wa mjini. Katika hospitali ya KCMC, Moshi, wataalamu waliwapima wagonjwa 681 waliofika idara ya dharura wakiwa na maumivu ya kifua au kukosa pumzi. Matokeo yalitangazwa mwaka 2020: 152 kati yao walikuwa na shambulio la moyo. Ni zaidi ya mtu mmoja katika kila watano. Shirika la Afya Duniani nalo lilikadiria ya kuwa mwaka 2019 watu milioni 17.9 walikufa duniani kwa magonjwa ya moyo na mishipa ya damu, na wengi wao ni wa nchi zisizo tajiri. Ugonjwa hauulizi mtu ana ng'ombe wangapi.

TUFANYE NINI TUKINGOJA

Chombo kizuri kuliko vyote hakimfai mtu aliyebaki kitandani akinywa maji ya moto. Hata siku kipimo cha moyo kitakapokuwa mezani kwa muuguzi wa kijiji, kitamsaidia yule tu aliyeondoka nyumbani mapema. Kwa hiyo kazi nyingine ni yetu, na twaweza kuianza juma hili.

Kwanza, tuzijue dalili. Kifua kubana au kulemea kama mtu amekalia jiwe, maumivu kwenda mkono wa kushoto, bega, taya au mgongo, jasho la baridi, pumzi kukatika, kichefuchefu. Kwa wanawake, wazee na wenye kisukari, maumivu yaweza kuwa madogo au yasiwepo kabisa, na mtu akawa na uchovu mkubwa na pumzi fupi tu. Dalili hizi zikimjia mtu mzima na zisiishe kwa dakika chache, usiseme "ni gesi", usiseme "ni vidonda vya tumbo", wala usiende kwanza kutafuta aliyemroga. Mpeleke hospitali yenye kipimo cha umeme wa moyo, usiku huo huo.

Pili, tujue njia kabla ya safari. Kwetu Mara iko hospitali ya rufaa ya mkoa pale Kwangwa, Musoma, yenye jina la Mwalimu Nyerere. Juu yake iko Bugando, Mwanza, na kwa mambo makubwa ya moyo iko Taasisi ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, iliyoanza mwaka 2015. Lakini kutoka Musoma mpaka Mwanza ni zaidi ya kilomita 200, na moyo unaokufa hauhesabu kilomita, wahesabu saa. Kila jumuiya ndogo ikae, iulizane: usiku wa manane, gari ni la nani? Namba yake ya simu anayo nani? Fedha ya mafuta itatoka wapi? Twachanga kwa ajili ya sanda na jeneza bila kuombwa mara mbili. Tungechanga nusu ya hizo kabla, kwa ajili ya gari, pengine jeneza lingengoja miaka mingi.

Tatu, tupime presha na sukari tukiwa wazima. Presha haiumi. Mtu huitembeza shambani na mnadani miaka kumi, akijiona simba, kumbe mishipa inachakaa ndani. Kuipima ni jambo la dakika chache. Na aliyeandikiwa dawa asiache kwa kuwa amejisikia nafuu, maana nafuu ile ni kazi ya dawa.

Nne, tuseme mahitaji yetu. Katika mkutano wa kijiji husimama mtu akadai barabara, mwingine akadai kisima, na ni haki yao. Asimame na mmoja aulize: zahanati yetu ina kipimo cha presha kinachofanya kazi? Kituo chetu cha afya kina kipimo cha umeme wa moyo, na yuko anayejua kukisoma? Vipimo vya malaria navyo havikufika vijijini kwa upepo. Watu walitaka, serikali ikaweka katika mipango, wauguzi wakafundishwa, na leo mtoto wa Bunda anapimwa kwa dhahabu bila mama yake kujua. Kipimo cha moyo nacho kitapita njia hiyo hiyo, kikiandaliwa watu wa kukitumia na dawa za kumtibu atakayeonekana mgonjwa.

Wazee walisema, mficha maradhi kilio humfichua. Nami karani naongeza kidogo: asiyejua maradhi yake hukifanya kitabu cha wafu kijae neno moja lisilo na maana. Ningependa miaka ijayo niandike sababu zilizo na majina, na majina hayo yawe machache, na umri ulioandikwa kando yake uwe mkubwa. Basi, leo jioni baada ya chakula, wasomee wa nyumbani mwako dalili zile, kisha ukaangalie kama unayo namba ya simu ya mwenye gari.